Nilivyochagua kompyuta iendeshe treni zangu za mfano

Marehemu baba alifanya kazi reli, nami nilikua nikitazama mabehewa yakisukumwa taratibu kuingia kwenye MV Umoja pale Bandari ya Mwanza Kusini, tayari kuvushwa ziwa hadi Port Bell, Uganda. Kazi ile ndiyo niliyotaka kumwonyesha mwanangu. Kwa hiyo chumba cha uani hapa Igogo kina meza ya mbao, njia tatu za reli ya mfano, na meli ya plaiwudi inayosubiri mzigo.

Kipimo changu ni H0, kila kitu kimepunguzwa mara 87. Reli zina upana wa milimita 16.5, ambao kwa hesabu ni upana wa SGR, si wa ile reli yetu ya zamani ya mita moja. Za milimita 12 zingefaa zaidi, ila kupata vichwa vyake ni kazi.

Kidhibiti nilichoanza nacho kilikuwa cha kuzungusha kitasa. Ukiongeza umeme, kila kichwa kilichoko relini kinaondoka. Gatini haiwezekani: kimoja lazima kisimame na mabehewa yaliyofika kutoka Tabora wakati kingine kinasukuma melini. Nikaamua kuhamia DCC, mfumo wa kuendesha kila kichwa kwa amri za kidijitali. Huko reli ina umeme wakati wote, na amri hupita ndani ya umeme huohuo. Kila kichwa kina dikoda (sakiti ndogo ya kupokea amri) yenye namba yake, kinatii namba hiyo tu. Kanuni zake zinasimamiwa na NMRA, chama cha wapenzi wa reli za mfano cha Marekani, hivyo dikoda ya kampuni hii inaelewana na kidhibiti cha kampuni ile.

Vidhibiti vilivyokamilika ni vizuri, sikatai. Lakini kikifa, nani Mwanza atakifungua? SPROG ya Uingereza, kiboksi kinachochomekwa kwenye kompyuta, nilikipenda, ila swali lilibaki lilelile. Mwisho nikachukua Arduino Mega, bodi ndogo ya kompyuta unayoweza kuiprogramu, na bodi ya kuendeshea mota inayokaa juu yake, nikapakia DCC-EX, programu inayoigeuza bodi kuwa kidhibiti cha DCC, na kwenye laptopu yangu ya zamani nikaweka JMRI, ya kuendeshea treni za mfano kwa kompyuta. Programu zote mbili ni za bure. Bodi zilikuja kwa basi kutoka Dar, na ikiungua moja nabadilisha hiyo moja tu.

Kabla ya kuwasha nilizipeleka kwa kijana mmoja fundi simu.

"Shikamoo mzee. Adapta yako volti ngapi?"

"Marahaba. Kumi na nne."

Akageuza bodi ya juu, akanionyesha kinjia chembamba cha shaba kilichoandikwa Vin. "Hiki kikibaki, mzee wangu, umeme wa reli unashuka mpaka bodi ya chini." Maelekezo ya DCC-EX yanasema hivyo hivyo: kikatwe. Alikikwaruza kwa ncha ya wembe, mara tatu, akapuliza unga wa shaba, akaweka mita. Haikulia. Hapo ndipo nilipopumua.

Nyumbani nikawasha, nikaita namba 3, na vichwa vyote viwili vikaondoka pamoja! Nilidhani nimeharibu kitu. Kumbe dikoda hutoka kiwandani zikiwa na namba 3. Nikatoa kimoja, nikakiweka kwenye kipande cha reli cha kupangia, nikaandika 7 kwenye CV1, yaani nafasi ya dikoda inayotunza namba ya kichwa. Kisha CV3 na CV4, zile za kuondoka na kusimama, nikaziongeza kidogo kidogo mpaka kichwa kikaanza kujongea kama chenye tani nyuma yake. Hapa nilitumia jioni nne, na sijutii hata moja.

Umeme ukikatika laptopu haizimi, ila reli hufa. Nikaweka betri ya sola ya volti 12 yenye fyuzi. Mwendo unapungua kidogo, na kwa kazi ya gati hilo si tatizo. Kinachosumbua zaidi ni uchafu juu ya reli. Nafuta kwa spiriti kila wiki, la sivyo vichwa vinakwama njiani.

Mwanangu anaendesha kwa simu, kwa programu ya simu iitwayo Engine Driver, iliyounganishwa na JMRI. Namba 3 inasimama na mabehewa ya Tabora, namba 7 inasukuma. Jumapili jioni aliingiza behewa la tatu melini bila kugusa ukingo, akaniita, "Baba, funga mlango wa meli!"