Karatasi Niliyomkabidhi Meneja

Mimba yangu ya kwanza iliharibika ikiwa na miezi minne. Nililala hospitali siku tatu, nikapumzika nyumbani wiki mbili, na siku niliyorudi kazini mlinzi wa getini, mzee ambaye kwa kawaida tulisalimiana kwa shikamoo na marahaba tu, alinishika mkono akasema: "Pole mwanangu, Mungu atakupa mwingine." Alisema kwa huruma ya kweli, nami simlaumu hata leo. Lakini nilipanda ngazi nikijiuliza habari ile ilimfikiaje, kwa kuwa pale ofisini aliyepokea cheti changu cha daktari alikuwa mtu mmoja tu, meneja wetu, ambaye sote tulimwita Mama.

Alikuwa ameisema wakati wa chai ya saa nne. Nilipomwendea alishangaa: "Nilitaka wakuombee tu." Ninaamini kwamba ndivyo alivyokusudia, na hilo halikunipunguzia maumivu.

Wako wanaoona kwamba umbeya wa wakubwa ni sawa na umbeya mwingine wowote. Mimi sikubali. Mfanyakazi mwenzangu akinisengenya, husema alichokiona au alichokibuni, na wanaomsikiliza wanaweza kumbishia. Meneja husema alichokabidhiwa, na hakuna wa kumkanusha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatupa sisi wafanyakazi wa Tanzania Bara siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, lakini asiyeleta cheti cha daktari, mwajiri halazimiki kumlipa. Kwa hiyo mimi sikumnong'oneza Mama siri yangu kama rafiki; nilimkabidhi karatasi ambayo bila hiyo nisingelipwa.

Majungu ya vyeo na mishahara nayo yalikuwapo, ila hayo yaliuma na kupita. Hili la afya lilibadilisha mwenendo wa ofisi nzima. Mwenzetu wa stoo mwenye shinikizo la damu alianza kumega siku zake 28 za likizo ya mwaka ili aende kliniki bila kupeleka karatasi yoyote, na wengine wakawa wanakuja kazini na homa, wakijibu kwamba ni uchovu tu.

Mimi nami nilijifunza kuficha. Nilipopata mimba nyingine, nilihudhuria kliniki kwa kuaga kwamba ninakwenda benki, na nikaendelea kubeba majalada ya ukaguzi kutoka ghorofa ya chini bila kuomba msaada, ingawa daktari alikuwa amenikataza. Taarifa ya likizo ya uzazi, ambayo sheria inataka itolewe angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, niliipeleka siku ya mwisho kabisa, ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi, nikamwomba afisa utumishi aisome mlango ukiwa umefungwa, kisha nikasimama pale mpaka alipoiweka kabatini na kugeuza ufunguo.