LC3-II ikipanda, usishangilie bado

Alfa-sinukleini, protini inayorundikana kwenye niuroni za wagonjwa wa Parkinson, ni fupi: asidi amino 140 tu. Ikiwa mojamoja, seli huimaliza bila taabu. Protiasomu, mashine ya seli ya kukatakata protini, huimeza kama uzi unaopita tundu la sindano. Ikishakamatana na wenzake ikawa bonge, haikunjuki tena, wala haipiti.

Lisosomu, kifuko cha seli chenye tindikali kinachoyeyusha taka, nayo ina mlango wake, protini iitwayo LAMP2A. Mwaka 2004 ilionekana kwamba alfa-sinukleini zenye hitilafu za kurithi A30P na A53T huung'ang'ania mlango huo bila kuingia, na protini nyingine zikakwama nyuma yake.

Mabonge huachiwa otofaji, njia ya seli ya kufunga taka kwenye mifuko na kuipeleka kwenye lisosomu. Utando wa tabaka mbili huyazingira na kuwa mfuko, na protini iitwayo LC3 hubandikwa mafuta juu ya utando huo. Hiyo ndiyo LC3-II. Mfuko ukiungana na lisosomu, LC3-II iliyo ndani huyeyushwa pamoja na taka.

Hapo ndipo wengi huteleza. Mstari wa LC3-II kwenye western blot (kipimo kinachotenganisha protini kwenye jeli na kuzionyesha kwa kingamwili) umenenepa baada ya kuweka dawa wanayoijaribu, basi wanaandika kwamba otofaji imeongezeka. Huenda. Lakini huenda pia lisosomu zimegoma na mifuko imepanga foleni, kama malori ya taka kwenye geti la dampo lililofungwa.

Ili kutofautisha, andaa visima vinne vya sahani ya kukuzia niuroni: kisichotiwa kitu, chenye dawa, chenye bafilomisini A1 peke yake (nanomola 100, saa 2 hadi 4), na chenye zote mbili. Bafilomisini huzima pampu inayotia lisosomu tindikali, kwa hiyo hakuna kinachoyeyushwa. Kisima cha nne kikizidi cha tatu kwa LC3-II, dawa kweli inaongeza mifuko. Vikilingana, shuku kwamba dawa yenyewe ndiyo inayoziba. Usiiache bafilomisini usiku kucha. Niuroni zitaanza kufa, na utakuwa unapima kifo.

LC3-II hukimbia mbele ya LC3-I (LC3 isiyo na mafuta) kwenye jeli, ingawa ni nzito zaidi. Ni yale mafuta. Tumia jeli ya asilimia 15 na utando wa PVDF (karatasi ya plastiki ambako protini huhamishiwa kutoka kwenye jeli) wenye matundu ya mikromita 0.2, maana kwenye 0.45 protini ndogo hivi huweza kupenya ikapotea. Linganisha LC3-II na aktini, protini ya seli ambayo kiasi chake hakibadiliki sana, si na LC3-I: LC3-I huharibika upesi sampuli ikigandishwa na kuyeyushwa mara kwa mara, na kingamwili nyingi huishika kwa unyonge.