Chini ya mkungu, Mikindani

Jumamosi tulikaa chini ya mkungu pale Mikindani, Mombasa, karibu na mkono wa bahari wa Tudor: wavuvi, kina mama wanaookota chupa, imamu wa mtaa, afisa wa kaunti na meneja wa kiwanda kimoja cha vinywaji. Miaka mitatu nimewafuata mmoja mmoja, tuondoe taka za plastiki kwenye mikoko. Kila mtu alikuwa na mradi wake, na kila mradi ulikufa kivyake.

Ajenda niliyoandaa hatukuifungua hata. Maji yalikuwa yamekupwa. Mama mmoja akatushusha sote mpaka kwenye tope, akainama, akavuta gunia la nailoni lililojisokota kwenye mizizi ya mchu, aina ya mkoko. Ile mizizi inayochomoza kama vidole ndiyo pumzi ya mti. Ikifunikwa, mti hufa.

"Samaki wenu wazalia hapa," akawaambia wavuvi. Kisha akamgeukia meneja: "Na hizi chupa, mwanangu, ni zenu."

Kimya.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, na tofauti twaiona, lakini chupa bado zaletwa na mifereji kila mvua ikinyesha.

Meneja akasema atanunua chupa kwa kilo, malipo papo hapo. Afisa akaahidi lori mara mbili kwa mwezi. Wavuvi watatoa mashua. Imamu akasema Ijumaa atalizungumza msikitini. Nilitokwa na machozi, wallahi.

Tunapima gunia la kwanza Jumamosi hii, saa mbili asubuhi. Njooni na viatu vya mpira.