Siku yangu moja Lamu: mimi, mizani ya magunia na sinia la mamangu

Watu wananiuliza unatumia dawa gani mpaka kanzu imeanza kukupwaya, basi wacha niandike siku moja ya kazi, ya juzi Jumanne, mujionee wenyewe hakuna dawa wala majani ya kuchemsha. Mimi ni karani wa duka la jumla huku Langoni, tunauza unga, mchele, sukari, maharagwe, kazi yangu ni kukaa kitako na daftari kutwa nzima. Miaka 43, urefu sentimita 168. Baada ya Ramadhani, mwezi ambao watu wa bara wanadhani sisi huku tunakonda (hawajaiona futari), daktari alinipima akaniambia kilo 96 na presha iko juu. Ile hesabu yao ya kilo na urefu ilitoka 34, na wao kuanzia 30 washakuhesabu mnene rasmi. Nilirudi nyumbani kimya kimya kama mtu alofeli mtihani.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nikitoka msikitini sirudi kulala tena, nashika pwani naelekea upande wa Shela, napita hospitali ya King Fahd, naenda mpaka nyumba zinapoisha halafu nageuza. Siku za bamvua maji yakijaa ndia inafunikwa, inabidi ugeuze mapema, na mimi siku hizo nazipenda kupita kiasi manake ni uvivu halali. Juzi maji yalikuwa yamekupwa kwa hivyo hakuna kisingizio, nikatembea karibu saa nzima, upepo wa kusi unanipiga kifuani wakati wa kwenda, punda wawili tu ndio waloniona. Ila sijidanganyi, mwendo wa saa nzima haulipi mahamri manne, nilishapiga hesabu mara nyingi nikitafuta jibu lengine na halipatikani.

Saa kumi na mbili na nusu hivi. Hamri moja. MOJA. Zamani nilikuwa nakula manne na bakuli la mbaazi za nazi, chai vikombe viwili. Sasa ni hamri moja na mbaazi nusu bakuli, au siku nyengine mkate wa mofa ambao unachomwa tu tanurini, haukai ndani ya mafuta. Bi anaetuuzia mahamri pale pembeni bado ananifungia manne kwa mazoea, namwambia bi, moja, ananitazama ananiuliza kwani umegombana na mkeo?

Saa moja, sokoni pale karibu na Ngome. Nyumbani kwetu anaekwenda sokoni ni mimi, kama alivyokuwa akienda babangu, na kikapu changu cha ukindu ambacho nilikuwa nakionea haya zamani, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017 kimekuwa ndio mpango mzima. Miezi hii ya kusi bahari ni mbaya, wavuvi wengi hawatoki nje, samaki wachache na bei ndio hiyo tena. Muuza samaki akanivuta mkono, Karani ndoo uone nguru huyu, chukua upande wa tumbo una mafuta tele. Nikamwambia mafuta ninayo mwenyewe, nipe tafi. Nikachukua tafi wanne wabichi, macho bado yanang'aa, tafi hata kusi ikikaza anapatikana huku ndani ndani kwenye nyasi za bahari.

Halafu mboga. Mboga zetu nyingi zinatoka bara, nyengine mashamba ya Mpeketoni, zinafika Mokowe ndio zivushwe kwa boti, kwa hivyo ukienda kabla boti haijafika utakuta mchicha wa jana umelala kama mgonjwa. Juzi nilibahatika, mchicha mafungu matatu, bamia, nyanya, tango, ndimu, na nazi moja. Zamani mpangilio wangu ulikuwa mchele, nazi, mafuta, samaki, na shilingi zikibaki ndio mboga, sasa nimeugeuza, mboga kwanza. Hakuna siri yoyote hapo, pesa zikishaishia kwenye bamia huna za kununulia viazi vya karai.

Saa moja na nusu niko juu ya mbuzi nakuna nazi. Ndio, mimi, na jirani akipita mlango ukiwa wazi anacheka mpaka anashika ukuta, lakini mke wangu anafundisha chekechea anatoka mapema na mamangu mabega yanamuuma, nani akune? Dakika kumi tu. Hapa kwenye nazi ndipo ugomvi wetu wa nyumbani ulipokuwa. Mke wangu alisikia nazi inanenepesha akataka tuiache kabisa, mamangu akasema wali mkavu ni chakula cha mgonjwa na yeye si mgonjwa. Ikabidi nikae katikati. Mkataba tulofikia ni huu: nazi haipandi juu ya nazi. Siku ya wali wa nazi, mchuzi ni wa nyanya na ukwaju, na siku ya samaki wa kupaka, kasimile, lile tui zito la kwanza, yote inakwenda kwa samaki na wali unapikwa kwa maji na chumvi. Zamani ilikuwa wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha wa nazi, sinia moja nazi tatu, halafu tunashangaa.

Saa mbili dukani. Mtu wa kwanza kunisalimia ni mizani. Tunayo ile ya kuweka chini yenye sahani pana ya kupimia magunia, na hapo ndipo ninapojipima kila Jumanne mbele ya mahamali wote, manake ya nyumbani sina na ya siri sitaki. Gunia la mahindi ni kilo 90, na mahamali wameshaamua kwamba mimi nashindana na gunia. Nilipoanza wakawa wanasema Karani amelishinda gunia kwa sita, wiki ya pili kwa tano na nusu, kila mmoja na utabiri wake. Juzi nikapanda, 90.6. Kijana mmoja akapiga kelele vua makubadhi! Nikavua. Toa simu! Nikatoa. Na funguo za ghala hizo! Ule mkungu wa funguo nikamuwekea mkononi. 90.1. Watu wazima saba tumeinama tunaitazama nambari kama tunatafuta mwezi, na haikushuka. Ami, mwenye duka, akatoka ndani akauliza leo hakuna mtu wa kupakia punda?

Saa nne ndio saa mbaya kuliko zote. Mtoto wa hoteli anakuja na chai ya maziwa yenye tangawizi, sukari imeshawekwa, imepikwa nayo, na sahani ya bajia au viazi vya karai. Wiki moja nilikaa nikahesabu sukari ninayokunywa, si ninayokula, ninayokunywa tu, chai ya asubuhi, chai ya saa nne, juisi ya ukwaju mchana, chai ya alasiri, na hivi vikombe vya barazani ambavyo mtu hata havihesabu. Ilifika vijiko 14 kwa siku. Kijiko cha chai ni kama gramu 4. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isipite asilimia 10 ya nguvu unazopata kwa chakula, na bora iwe chini ya 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, vijiko sita. Mimi kwa vinywaji peke yake nilikuwa nimepita mara mbili na bado sijafika kwenye halwa. Na ndio nikaona miaka yote hii nazi tumeisingizia, mwizi alikuwa kwenye kikombe. Sasa mtoto wa hoteli ananiletea turungi kavu, chai isiyo na maziwa wala sukari, naweka kijiko kimoja mwenyewe. Siku kumi za mwanzo ilikuwa kama kunywa maji ya mvua, kichwa kinaniuma, hasira, niliwahi kumpigia mteja kelele kwa sababu ya unga kilo mbili. Imepita hiyo.

Bajia naziona zikipita. Juzi nilichukua moja, sitawadanganya.

Saa saba, adhuhuri imeshaswaliwa, nyumbani. Hapa ndipo penyewe. Sisi tunakula sinia, mimi, mamangu, mke wangu, watoto wawili, na akipita mtu ni karibu. Sasa niambieni, utapimaje chakula cha sinia? Unamega hapa, mtoto anamega pale, wali unashuka katikati, hujui umekula kidogo au kingi, unajua tu umeshiba wakati sinia linaonekana maua yake ya chini. Halafu kuna mamangu. Mamangu ana vidole ambavyo vinafanya kazi peke yake, anaongea na mtoto huku anachambua mwiba, na mnofu unatokea upande wangu. Unakula, unatokea mwengine. Miaka 43 ananisukumia minofu na sijawahi kumuona akifanya.

Wiki ya kwanza nilifanya ujinga, niliomba sahani yangu. Nyumba iliganda. Mamangu hakusema kitu mpaka tumemaliza, halafu akaniuliza taratibu, mwanangu, umeanza kututenga? Nimekosa nini kwa mkono wangu? Yaani huyo daktari angekuwepo pale ningempa sahani aile yeye. Nikarudi kwenye sinia siku ya pili yake. Ila mke wangu, huyu mwanamke ana akili, akaanza kupanga sinia tofauti, wali ukawa mlima mdogo katikati, na pembezoni kote, mbele ya kila mtu, kachumbari, mchicha na bamia, ikawa ili uufikie wali lazima upite kwenye mboga. Hakumuuliza mtu. Juzi tafi walikuwa wa kuchoma, chumvi, ndimu na pilipili, wali wa nazi, mchuzi wa ukwaju. Mnofu ulitokea upande wangu mara tatu. Nikala yote mitatu, samaki si adui, wali ndio niliusimamisha.

Saa tisa mpaka kumi na moja unusu sina cha kusema, usingizi, daftari, shehena ya sukari imefika na mimi ndie ninaeiandika gunia kwa gunia. Allah ana mizaha.

Baada ya magharibi barazani, kahawa chungu, hiyo naipenda hivyo hivyo ilivyo na haina sukari alhamdulillah, halwa ikapita nikaipisha. Nikajiona shujaa. Dakika tano hazijaisha, jirani walikuwa na hitma ya marehemu baba yao, likaja sinia la pilau na nyama juu. Pilau ya hitma utaikataaje, utamwambia nini mwenye msiba, ati nashindana na gunia? Nikala. Nikamega upande wenye viazi halafu nikajilaumu kwa viazi, huo ndio ukweli wa saa moja na nusu usiku.

Saa tatu sikula tena, mchicha kidogo tu ulobaki na ndimu. Mke wangu akatoa daftari la sokoni la kesho, kesho ni zamu ya samaki wa kupaka. Nikamwambia andika tango, nyanya, mchicha, nazi moja. Akaniambia haya. Mamangu akaita kutoka chumbani kwake, hata hakuulizwa, nazi mbili, iwapo mgeni atakuja. Mgeni gani? Kimya. Nikatazama daftari, ilikuwa imeshaandikwa mbili, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu wa chekechea.