Hisa Zisizo na Ukwasi: Nilivyojifunza Lugha ya Soko kwa Kuumia

Ushauri wa kwanza niliopewa nilipotaka kununua hisa ulikuwa huu: "Nunua ikiwa bei ya chini, uza ikiwa ya juu." Asante sana. Ni kama kumwambia anayezama kwamba siri ya kuogelea ni kubaki juu ya maji.

Wa pili ulikuwa nikariri kamusi ya fedha. Nikakariri. Gawio, mizania, hati fungani, mtaji, yote kichwani. Nikampigia dalali kwa sauti ya mtu mzito. Akaniambia hisa ninazozitaka ni nzuri kiasi, "ila hazina ukwasi."

Sasa mimi Kiswahili changu ni cha kurithi. Najua mkwasi ni tajiri, na ukwasi ni utajiri. Nikajiambia: kumbe kampuni bado ni maskini! Ndiyo maana bei ni ndogo. Ngoja niingie mapema, ikitajirika tutajirike wote. Nikanunua kwa akiba yangu karibu yote, nikalala usingizi wa mfalme.

Bei ikapanda kweli. Kwenye simu nilikuwa nang'aa kijani. Nikaagiza ziuzwe. Siku ya kwanza kimya, wiki ya kwanza kimya. Wiki ya tatu akatokea mnunuzi mmoja, anataka hisa kumi. Kumi! Nikampigia dalali kwa hasira, naye akacheka mpaka akakohoa. "Bwana, si nilikwambia hazina ukwasi?" Kumbe sokoni ukwasi ni wepesi wa kitu kugeuka pesa taslimu bila kuitupa bei. Kampuni yenyewe ilikuwa tajiri tu, maskini nilikuwa mimi.

Hapo nikaitupa kamusi na kubuni dawa yangu, ambayo najivunia mpaka leo: kila neno nalipandisha baiskeli. Neno lisipoeleweka kwa baiskeli, pesa yangu haitoki. Kukosa ukwasi: una baiskeli ya thamani, lakini mtaa mzima hakuna anayeitaka leo. Kuuza hisa za kuazima: unaazima baiskeli ya jirani, unaiuza, unaomba Mungu baiskeli zishuke bei, kisha unanunua nyingine ya rahisi umrudishie, chenji yako. Zikipanda, utamtazamaje jirani? Watu wa namna hii London ya karne ya 18 waliitwa wauzaji wa ngozi za dubu, maana waliuza ngozi huku dubu bado yuko porini. Ndiyo maana soko linaloporomoka linaitwa la dubu, na mimi miaka yote nilidhani ni kwa sababu dubu anatisha.

Neno lililobaki kunikera ni "masahihisho". Soko likishuka asilimia 10 wanasema linajisahihisha, kana kwamba mwalimu amepita na kalamu nyekundu. Likifika 20, ndiyo dubu huyo. Kwa baiskeli ni rahisi: bei imeshuka, basi. Halafu ikiinuka kidogo usikimbilie kushangilia, wenyewe wana msemo kwamba hata paka aliyekufa akianguka kutoka juu sana atadunda. Nilicheka niliposoma, kisha nikakumbuka nimewahi kununua paka wawili wa hivyo.

Na ole wake atakayeniambia tena, "Hujapoteza, maana hujauza bado, hiyo ni hasara ya kwenye karatasi tu." Kilichoshuka kwa asilimia 50 kinahitaji kupanda asilimia 100 ndipo kirudi kilipokuwa. Pigeni hesabu wenyewe. Mimi nilipiga mara tatu nikidhani nimekosea.

Zile hisa? Niliziuza kidogo kidogo, kumi leo, ishirini mwezi ujao, kama mtu anayechota kisima kwa kijiko. Bado ninazo nyingi tu. Mtu akiniuliza kwa nini siziuzi, nakohoa kidogo, nakaa vizuri kwenye kiti, namjibu kwamba mimi ni mwekezaji wa muda mrefu.