Kafi, Mchanga na Kata ya Mvuvi wa Tsuken

Fimbo yenye urefu wa sentimita 182 haipandi matatu kwa heshima. Utaipitisha dirishani, utaisimamisha mlangoni, utamwomba radhi mama aliyepakata mtoto, na bado makanga atakudai nauli ya abiria wa pili. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikivuka nayo feri ya Likoni kwenda ukumbi mmoja pande za Tononoka tunakofanyia mazoezi, na wachuuzi wa kivukoni wamekwisha kunizoea, ingawa yupo mmoja asiyechoka kuniuliza kama maembe ya ng'ambo ya pili bado hayajaisha kuanguliwa.

Fimbo hiyo huitwa bo, na ndiyo silaha ya kwanza anayokabidhiwa mwanafunzi wa kobudo, sanaa ya kale ya silaha ya visiwa vya Okinawa. Yangu ya kwanza nilichongewa na fundi seremala wa Majengo kwa mti wa mbambakofi, kwa kuwa nilitaka kitu kisichovunjika. Nilikipata. Mbambakofi ni mti wa kutengenezea milango ya majumba ya kale, si wa kuzungushwa hewani na kiganja cha mtu, na baada ya robo saa vifundo vya mikono yangu vilikuwa vikitetemeka kama vya mgonjwa wa homa. Wajapani hutumia mwaloni, ambao kwetu haupatikani. Fundi alinichongea ya pili kwa mvule, akaipiga msasa mpaka ikateleza, na hiyo ndiyo ninayoitumia hadi leo.

Mazoezi yenyewe hukaa ndani ya kata. Msomaji wa pwani asicheke: najua kuwa kata kwetu ni kile kifuu chenye mpini cha kuchotea maji mtungini. Kwa Wajapani, kata ni mfululizo wa mapigo na vizuizi uliopangwa na waliotangulia, ambao mwanafunzi huurudia peke yake dhidi ya maadui wasioonekana mpaka mwili uukariri bila ya kuulizwa. Ya kwanza niliyofundishwa kwa bo ni Shushi no Kon. Mikono hushika fimbo ikaigawa mafungu matatu karibu sawa, na mgeni yeyote hudhani kwamba pigo hutoka katika mkono wa mbele. Sivyo. Mkono wa mbele huongoza tu. Nguvu hutoka katika mkono wa nyuma unaovutwa hadi nyongani, na nyonga ikikawia, fimbo hufika imekwisha kufa. Nilipokea elimu hiyo kwenye muundi wa mguu wangu mwenyewe, mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Jamaa zangu wa upande wa mama, ambao ni watu wa Lamu, waliponiona nikifanya mazoezi uani walisema kwamba nimekwenda mbali kutafuta kirumbizi. Nimewahi kuutazama mchezo huo harusini, wazee wakikabiliana kwa bakora huku ngoma zikilia, na nakiri kwamba macho yanayoitazama bega ya mpinzani badala ya fimbo yake ni yale yale. Tofauti ni kwamba kirumbizi huchezwa na wawili mbele ya watu, ilhali kata huchezwa na mmoja, na hakuna wa kukupigia vigelegele.

Juu ya sai sitasema mengi. Ni vyuma viwili vyenye pembe mbili kila kimoja, ambavyo ncha yake inatakiwa ipite kiwiko kwa vidole viwili hivi unapovilaza mkononi, na ugumu wake wote umo katika kidole gumba kinachovigeuza. Jozi yangu ya kwanza ilichomelewa na fundi wa jua kali kutokana na nondo za ujenzi. Pembe moja iling'oka wiki ya pili, nami nikabaki na malengelenge na chuma cha kuchokolea mkaa.

Jambo ambalo lilinisumbua zaidi ni hadithi tuliyopewa siku ya kwanza, na ambayo kila mtu anayo: kwamba wakulima maskini wa Okinawa walipokonywa panga na watawala, wakageuza zana za shamba kuwa silaha na kuwakabili askari usiku. Ni hadithi tamu, lakini sehemu tu ya mambo yake inasimama. Ni kweli kwamba mfalme Sho Shin, aliyetawala ufalme wa Ryukyu, yaani ufalme wa visiwa hivyo vya Okinawa, kuanzia mwaka 1477 hadi 1526, alizikusanya silaha chini ya serikali yake, na ni kweli kwamba mwaka 1609 askari wa Satsuma kutoka Japani waliuvamia na kuutiisha ufalme huo, miaka 13 tu baada ya Wareno kukamilisha Ngome ya Yesu hapa kwetu. Hata hivyo, ukitazama majina ya kata zenyewe, hukutani sana na mkulima. Sakugawa no Kon imechukua jina la Sakugawa, mtu wa Shuri, mji wa kifalme. Sai zilikuwa mikononi mwa maofisa waliokamata wahalifu, si mikononi mwa waliokamatwa. Mundu, ambao nao ni silaha ya kobudo, ulikuwa wa shambani, hilo sina ubishi nalo. Lakini sehemu kubwa ya elimu hii ilitunzwa na watu waliokuwa na nafasi, kisha ikaokolewa na walimu wachache wa karne ya 20 kama Taira Shinken, aliyeishi kati ya 1897 na 1970 na kuzikusanya kata kutoka kwa mabingwa wa huku na huku, katika kizazi ambacho vita vya mwaka 1945 viliua raia wa visiwa hivyo kwa makumi ya maelfu.

Ndiyo maana nilipofikia kata ya kafi, nilifurahi kupita kiasi. Hapa, angalau, palikuwa na mvuvi. Silaha yenyewe huitwa eku, kafi la mtumbwi wa Okinawa, lenye urefu wa takriban sentimita 160, na kata yake mashuhuri imepewa jina la mtu wa kisiwa kidogo cha Tsuken anayekumbukwa kwa jina la Akanchu, yaani mtu mwekundu, kwa jinsi jua la baharini lilivyomuunguza. Jina lake halisi halimo katika kata. Rangi ya ngozi yake imo.

Kwa miezi minne niliifanya kata hiyo ukumbini, juu ya sakafu ya saruji, na kuna mahali palinishinda. Katikati ya mapigo, mchezaji hushusha bapa la kafi chini karibu na mguu wa mbele, kisha hulibetua juu kwa ghafla kuelekea usoni mwa adui. Mwalimu alitueleza kwamba hapo mvuvi anamrushia adui mchanga wa macho. Nilielewa maneno, lakini mwili haukuelewa kitu. Nilikuwa nikikwaruza saruji na kuinua hewa.

Jumamosi moja tuliamua kwenda ufukweni Shelly, na kwa kuwa kafi letu la mazoezi lilikuwa limepasuka, nilimwomba mzee mmoja mvuvi aniazime lake. Alinitazama nikianza kata, akavumilia mapigo matatu, la nne likamshinda.

"Mwanangu," akasema, "hilo si mti wa kuangulia nazi. Lina upande wa kukata na upande wa kubeba. Wewe wapiga upepo kwa bapa."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nikilishika kafi kama bo, ilhali bo ni duara na haina mbele wala nyuma, na kafi uzito wake wote uko upande mmoja. Ukilizungusha bila kuligeuza kiganjani, bapa hukamata upepo na pigo huchelewa. Akanionyesha jinsi anavyopiga kafi mtumbwini: mkono wa juu husukuma, mkono wa chini hukaa kama mhimili, na mgongo ndio unaofanya kazi. Kisha, bila ya mimi kumwomba, alichomeka ncha ya bapa mchangani, akasukuma mpini chini kwa mkono wa nyuma, na mchanga ukaruka ukimwagika mbele yake kama maji yaliyotupwa kwa kata. Hakuwa amewahi kusikia habari za Okinawa. Alisema hivyo ndivyo walivyokuwa wakichokozana utotoni.

Nilirudia mara ishirini, thelathini. Mchanga wa karibu na maji, uliolowa baada ya maji kupwa, hauruki. Hutoka kwa bonge na kuanguka miguuni. Mchanga mkavu wa juu, chini ya minazi, huruka vizuri lakini bapa likizama zaidi ya vidole viwili mkono hukwama na adui angekuwa amekwisha kukufikia. Mambo hayo mawili hayakuwa yamesemwa na mtu yeyote ukumbini, na sidhani saruji ingeweza kuyasema.

La tatu lilinijia lenyewe. Ukumbini kata huanza kwa kuelekea ukuta wa mbele, penye picha, nami kwa mazoea nilijipanga kuielekea bahari. Kusi, ule upepo wa kutoka baharini, ilikuwa imekwisha kuanza. Nilifika mahali pa mchanga nikabetua kwa nguvu zangu zote, na wote ukarudi machoni mwangu; nikapiga magoti huku nikitafuta maji, na mzee akicheka mpaka akashika mtumbwi asianguke.

Siku hizi nikiwa ufukweni, kabla ya kuinama kutoa salamu, huokota mchanga kidogo na kuuachia hewani, kisha ndipo huamua adui wangu anasimama wapi.