Mchanga wa Nungwi

Mwishoni mwa Desemba, ufukweni Nungwi, kaskazini mwa Unguja, hupati hata pa kutandika mkeka. Mwaka ule nilipofika, watu walikuwa wamejaa kuanzia penye mafundi wa majahazi hadi mahoteli yanakokaribia Kendwa. Wazungu wamelala juani, vijana wa Dar wanapigana picha, papasi wanakufuata hatua kwa hatua wakikuuzia safari, Wamasai wanapita na shanga, akina mama wanauza mafuta ya nazi. Pembeni kidogo mafundi walikuwa wakiendelea na kalafati, wanasindilia pamba kwenye nyufa za mbao, nyundo zikigonga chini ya muziki wa baa.

Msongamano huo una sababu yake. Upande wa mashariki, kama Paje, Jambiani au Matemwe, maji yakipwa huenda mbali sana, na aliyekuja kuogelea hubaki akiwatazama kwa mbali akina mama wa mwani wakiinama kwenye vigingi vyao. Nungwi na Kendwa maji hayaendi mbali. Unaoga bahari asubuhi, unaoga adhuhuri, unaoga magharibi.

Mimi nilikuwa nimekwenda kwa mama mdogo. Mwanawe wa kwanza, ambaye ni mdogo wangu, alianza kwa kubeba mitungi ya hewa kwenye kituo cha uzamiaji, akasomeshwa, akapata cheti, na sasa anaongoza wageni chini ya maji. Kila tukiongea kwa simu alikuwa na neno lake lile lile: "Dada, samaki wa bahari hii unawala tangu umezaliwa, lakini kwao hujafika hata kuwajulia hali."

Safari hii nikakubali. Alinifundisha kwanza kwenye maji ya kifuani: kupumua kwa mdomo bila pupa, kutoa maji yakiingia kwenye miwani, kubana pua na kupuliza taratibu ili masikio yafunguke kabla hayajaanza kuuma. Sharti alilolirudia mpaka nikalikariri ni kwamba usizuie pumzi hata kidogo. Kwenye kina cha mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya huku juu, na hewa uliyoivuta kule chini hutanuka unapopanda. Ukiifungia kifuani inapasua mapafu. Kwa mgeni kama mimi mwisho wa kushuka ni mita 12, na alisema hataongeza hata moja kwa sababu ni ndugu.

Tukaondoka na boti la mbao, tukazunguka Ras Nungwi kuelekea Mnemba. Upepo wa kaskazi ulikuwa umetulia na maji yako wazi. Mnemba ni kisiwa kidogo chenye hoteli moja ya kifahari, na mtu wa nje haruhusiwi kushuka pale. Kwa hiyo boti zote, za Nungwi, za Matemwe, za Muyuni, hukusanyika juu ya mwamba unaokizunguka. Eneo hilo ni hifadhi tangu 2002, na kila mgeni hulipia kuingia. Lakini siku ile niliona msururu wa boti ubavu kwa ubavu, na watu wengi majini kiasi cha kugongana vichwa. Bwana mmoja alisimama na mapezi yake juu ya matumbawe ili arekebishe miwani. Mdogo wangu akampigia kelele mpaka akashuka. Mara pomboo wakatokea, na boti zikawakimbiza huku watu wakirukia mbele yao. Iliniuma. Pomboo wale walikuwa na watoto.

Sisi tukasogea mbali na kundi, tukashuka.

Nilidhani chini kuna ukimya. Hakuna. Kuna mlio wa kukwaruza, kama mtu anakuna nazi chumba cha pili, na haukomi. Mdogo wangu akanishika mkono akanionyesha anayeutoa: pono, kijani kinachoingia kwenye buluu, na waridi shavuni. Nimewakaanga mara nyingi na kumbe sijawahi kuyatazama meno yao vizuri. Yameshikamana kuwa kitu kimoja kigumu. Alisogea, akang'ata mwamba, kakh, akaacha alama nyeupe. Akageuka, na nyuma yake likatoka wingu dogo la vumbi jeupe lililoshuka polepole. Mdogo wangu akanyoosha kidole kwenye lile vumbi, kisha kwenye mchanga wa chini, kisha upande wa ufukweni.

Tulipopanda juu alinieleza. Pono anakwangua mwani unaoota kwenye mwamba, na katika kukwangua anameza na mawe ya matumbawe. Huyasaga kooni, yanatoka mchanga. Sehemu ya mchanga mweupe ambao watu wanasafiri kutoka Ulaya kuja kuulalia imepita tumboni mwa samaki kama yule. Na mwani ukikwanguliwa, matumbawe machanga yanapata mahali pa kushika. Mwaka 1998, bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe ya mwambao wetu yalipauka na mengi yakafa. Yale yaliyorudi yamehitaji kazi ya samaki hawa.

Sikuweza kuacha kufikiria lile pezi la yule bwana. Tumbawe la matawi hukua sentimita chache tu kwa mwaka, na kisigino kinalivunja kabla mtu hajamaliza kufunga mkanda wa miwani.

Jioni tulipita mnadani. Mapono yalikuwepo, yametungwa kwenye ukindu, rangi zimeanza kufifia. Baba mdogo, ambaye alivua kwa dema, mtego wa kusukwa, mpaka mgongo ukamkatalia, alikuwa amekaa pale na wenzake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umeyaona ya chini?"

Nikamweleza habari za pono na mchanga, nikamuuliza kama si afadhali wavuvi wakamwacha. Alifikiri kwanza.

"Dema linachukua wachache, na mtu anakula na watoto wake. Wavu wa juya ndio unaokomba mpaka mawe. Na hao wa boti, mwanangu, wanamvunjia nyumba na wala hawamli."

Akamgeukia mwanawe, akamuuliza kwa nini wanasubiri saa nne ndipo waende Mnemba. Mdogo wangu akasema wageni hawataki kuamka. "Waambie wataona zaidi," akajibu mzee.

Kesho yake tuliondoka baada ya swala ya alfajiri pamoja na wageni wachache waliokubali. Nahodha alifunga kamba kwenye boya, nanga ikabaki ndani ya boti, na tulikuwa tunarudi Nungwi boti za kwanza za watalii zilipopishana nasi.